Kuomba cheti cha bastola Nairobi, na swali la Jumapili asubuhi

Nilianza kuomba cheti baada ya kuvamiwa mara ya pili nikifunga duka jioni. Nauza saruji na mabati Kariobangi, na wateja wengi hapo bado hulipa taslimu. Ninayoandika hapa yamenigharimu shilingi 15,000 na karibu miezi miwili, na mengi yangeepukika.

Hizo 15,000 zilikwenda kwa broka. Alinipigia simu akasema yeye ni mtu wa ndani na cheti kitatoka kwa wiki mbili. Nikatuma kwa M-Pesa, naye akazima simu. Elewa jambo hili mapema: tangu sheria za usalama zibadilishwe mwaka 2014, anayetoa cheti na kukifuta ni Bodi ya Leseni za Silaha, na ndani yake wamo wawakilishi wa polisi, ujasusi, Shirika la Wanyamapori na ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Hakuna mtu mmoja anayeweza kukuahidi cheti kwa simu. Akikuahidi, ni mwizi.

Kitambulisho, pini ya KRA na picha sitavieleza, unavijua. Kilichonichelewesha ni cheti cha tabia njema, kile cha polisi kinachoonyesha huna rekodi ya uhalifu. Unaomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, chini ya DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, unalipa (mimi nililipa 1,050), kisha unachapisha ankara na fomu ya C24 ya alama za vidole. Fomu hiyo ichapishwe kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Saiba (duka la intaneti) niliyoingia walinichapishia karatasi mbili, nami sikuangalia. Nilipanga foleni tangu saa moja asubuhi, nikafika mezani, nikarudishwa. Kwa hiyo geuza karatasi kabla hujalipa saiba. Alama unaweza kuzitoa makao makuu ya DCI, Kiambu Road, au Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, cha GPO, posta kuu ya mjini.

Niliporudi na fomu sahihi, vidole vikakataa. Miaka ishirini ya kubeba saruji imenila ngozi. Afisa alibonyeza kidole changu cha shahada kwenye wino, akakizungusha kwenye karatasi, likatoka doa jeusi tupu lisilo na mstari hata mmoja. Akaniambia kwa upole, "Mzee, pumzisha mikono siku chache, upake mafuta, urudi." Nilipaka Vaseline wiki nzima, nikamwachia kijana wangu kazi ya kupakia, na mara ya pili mistari ikaonekana. Kama wewe ni fundi, mkulima au unafua nguo za watu, anza kupaka mafuta hata kabla ya kujaza fomu.

Sehemu ya pili iliyonirudisha nyuma ni sababu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uwe na sababu ya kutosha ya kumiliki silaha, na kwamba kukupa hakutahatarisha usalama wa watu. Mlevi hapewi, wala mtu asiye na akili timamu. Mimi niliandika mstari mmoja tu: "kwa usalama wangu." Nikaulizwa, usalama dhidi ya nini? Kila mtu Nairobi anataka usalama. Nikaandika upya: tarehe za mavamizi yote mawili, namba za OB (kitabu cha matukio cha polisi) nilizopewa kituoni, leseni ya biashara, na njia ninayopita na pesa hadi benki. Maswali yakapungua. Watakaokuhoji watataka pia kujua silaha italala wapi nyumbani, kwa hiyo nunua kasha la chuma na ulifunge kwa bolti ukutani mapema.

Sasa swali la Jumapili: je, unaweza kwenda na bastola kwenye ibada? Hakuna aliyeniambia hili, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Jumapili ya kwanza baada ya kupata bastola nilikwenda nayo kanisani, kiunoni, chini ya koti. Kifaa cha kukagua chuma mlangoni kikalia. Kijana aliyekishika nilimfundisha Shule ya Jumapili. Akaninong'oneza, "Mwalimu, hiyo ni nini?" Nikamwonyesha cheti. Akakisoma chote, akanirudishia kwa mikono miwili. "Cheti nimekiona. Lakini siwezi kukuruhusu." Nyuma yangu mama mmoja alikuwa amembeba mtoto, akarudi hatua mbili.

Kijana alikuwa sawa. Cheti kinakuruhusu kuwa na silaha; hakimlazimishi mwenye mahali kukupokea nayo. Uwanja ni wa kanisa, na ukiambiwa utoke ukagoma, unaweza kushtakiwa kwa kukaa mahali bila idhini. Na ukaguzi huo una sababu. Septemba 2012 guruneti liliua mtoto wa Shule ya Jumapili katika kanisa la St Polycarp, Juja Road. Julai ya mwaka huohuo, Garissa, washambuliaji waliwaua askari wawili waliokuwa wakilinda kanisa na kuchukua bunduki zao. Bastola yangu ingewafaa watu kama hao pia.

Usiiache kwenye gari. Sheria inakutaka uitunze salama wakati wote, na kioo cha gari huvunjwa kwa sekunde. Rafiki yangu Mwislamu aliwahi kujaribu kuswali nayo. Aliposujudu shati likapanda, safu nzima ya nyuma ikaiona. Sasa sisi wawili tunaziacha nyumbani, kwenye kasha.

Kama una sababu ya kweli ya kwenda nayo, labda unatoka kazini moja kwa moja, zungumza na mchungaji au kamati ya msikiti katikati ya wiki, si mlangoni. Omba jibu la maandishi. Wakikataa, ibada ya siku hiyo fanyia nyumbani au upitie nyumbani kwanza uiache.

Mwisho ni kuhuisha cheti. Kinadumu mwaka mmoja, na mwaka 2018 serikali iliamuru wenye silaha wote wakaguliwe upya, kwa hiyo usidhani kupewa mara moja kumetosha. Tarehe yangu nimeiandika kwa kalamu nyekundu ndani ya mlango wa kasha, na folda yenye ankara, namba za OB na nakala za kila kitu iko juu yake.