Mwaka wa Kwanza Baada ya Ushindi: Namna ya Kumsimamia Mchezaji Kijana wa Tenisi

Tarehe 7 Agosti 2025, mjini Montreal, Victoria Mboko mwenye umri wa miaka 18, binti wa wazazi waliohama kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alimshinda Naomi Osaka kwa 2-6, 6-4, 6-1 na kutwaa ubingwa wa mashindano ya wazi ya Kanada mbele ya Wakanada wenzake. Aliingia katika mashindano hayo kwa mwaliko wa waandaaji, akiwa wa 85 katika orodha ya ubora ya dunia, na kabla ya kukutana na Osaka alikuwa amewatoa Sofia Kenin, Coco Gauff na Elena Rybakina, ambao wote wamewahi kutwaa taji la Grand Slam, yaani mojawapo ya mashindano manne makubwa ya tenisi duniani. Jumatatu iliyofuata alikuwa wa 24. Kabla mwezi huo haujaisha, Barbora Krejčíková akamtoa katika raundi ya kwanza ya US Open, Grand Slam inayochezwa New York.

Hakuna mchezaji anayesahau mchezo wake ndani ya wiki tatu. Kinachobadilika baada ya ushindi wa namna hii ni mambo yanayomzunguka: wapinzani sasa wanamjua, kalenda yake imejaa, na pointi alizopata zina tarehe ya kuondoka. Mwongozo huu unamhusu mzazi au kocha mwenye kijana aliyefika hapo, iwe ni Montreal au ni fainali ya vijana ya taifa, kwa kuwa mzigo ni ule ule ingawa uzito wake hutofautiana.

Anza kwa kumpumzisha, na kumpumzisha maana yake ni kukataa mambo. Katika nusu fainali dhidi ya Rybakina, Mboko alianguka na kuumia kifundo cha mkono. Alipokwisha kutwaa kombe alijiondoa katika mashindano ya Cincinnati yaliyofuata, ingawa huo ndio wakati ambao kila mtu alitaka kumwona. Kwa kijana wako, mialiko yote itafika katika wiki mbili za mwanzo: hafla ya shule, redio, mwenye duka la viatu, mjomba anayemjua mbunge. Mteue mtu mmoja tu wa kupokea simu hizo, na mtu huyo asiwe mchezaji mwenyewe. Mkataba wowote ulale mezani angalau mwezi mmoja na usomwe na mwanasheria. Siku za mazoezi na za kupumzika ziandikwe kwanza katika kalenda ya mwaka mzima, kisha wafadhili wagawane siku zitakazobaki. Ukiupindua utaratibu huo utajikuta unamwomba mfadhili ruhusa ya kwenda mazoezini.

Baada ya hapo kaa chini na hesabu ya pointi, kwa sababu sehemu kubwa ya hofu ya mwaka wa pili hutoka hapo na wazazi wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Orodha ya ubora ya wanawake huhesabu matokeo ya wiki 52, kwa hiyo pointi za mashindano huondoka yanapofika tena mwaka unaofuata, na mchezaji hubaki na zile tu atakazopata upya. Emma Raducanu wa Uingereza anaonyesha jambo hili vizuri kuliko mtu yeyote. Mwaka 2021 alikwenda Wimbledon akiwa wa 338, na miezi miwili baadaye akaingia US Open akiwa wa 150 kupitia mechi za mchujo. Alicheza mechi 10, hakupoteza hata seti moja, akamshinda Leylah Fernandez 6-4, 6-3 katika fainali, na kuwa mchezaji wa kwanza kabisa kutoka kwenye mchujo kutwaa taji la Grand Slam. Mwaka uliofuata alirudi huko huko akiwa wa 11, akatolewa na Alizé Cornet katika raundi ya kwanza, na orodha mpya ilipotoka alikuwa wa 83. Mtu asiyejua hesabu hiyo aliona kipaji kilichoporomoka, kumbe bingwa hupata pointi 2,000 na anayetolewa raundi ya kwanza hupata 10.

Chukua daftari la hesabu, lile la mistari ya mraba, na uchore safu nne: jina la mashindano, wiki yalipochezwa, pointi zilizopatikana, na wiki zitakapoondoka. Mjaze pamoja, wewe na mchezaji, kwa penseli. Kisha ufiche kwa kidole mstari wa ule ushindi mkubwa na ujumlishe upya. Jumla inayobaki ndiyo inayoonyesha mchezaji wako alipofika katika kazi ya kila wiki, na malengo ya mwaka yapangwe kutokana nayo. Kijana aliyeiona jumla hiyo kwa macho yake mwezi wa kwanza hatashtuka mwezi wa kumi na mbili, na huenda akafurahi kuona kwamba mstari mmoja mdogo wa mwezi Machi, ambao hakuna aliyeupigia makofi, unakua.

Kuhusu kumbadilisha kocha, msimamo wangu ni wa kizamani kidogo: asiguswe mtu yeyote kwa miezi sita, isipokuwa kuna kosa la wazi. Raducanu aliachana na Andrew Richardson, aliyekuwa naye New York, wiki chache tu baada ya kombe, na tangu hapo amepita mikononi mwa makocha kadhaa. Sisemi kwamba hilo ndilo lililomrudisha nyuma, kwani mwili nao ulidai haki yake na mwaka 2023 alifanyiwa upasuaji wa mikono yote miwili na kifundo cha mguu. Hata hivyo kijana ambaye kila kitu kimebadilika katika maisha yake anahitaji sauti moja aliyoizoea pembeni mwa uwanja.

Kisha ratiba. Kishawishi ni kumpeleka katika kila mashindano makubwa ambayo sasa anaruhusiwa kuingia, lakini akishindwa raundi ya kwanza mara sita mfululizo atakuwa amecheza mechi sita tu katika miezi miwili. Changanya mashindano ya ngazi ya juu na yale ambayo anaweza kufika nusu fainali. Kwa walio chini ya miaka 18, chama cha wachezaji wanawake huweka ukomo wa idadi ya mashindano ya kulipwa, kanuni iliyotungwa katikati ya miaka ya 1990 baada ya watu kumwona Jennifer Capriati wa Marekani, aliyefika nusu fainali ya Roland Garros, Grand Slam ya Ufaransa, akiwa na miaka 14, akiuacha mchezo akiwa na miaka 17. Alirudi na kutwaa mataji matatu ya Grand Slam, ila alipotwaa la kwanza mwaka 2001 alikuwa na miaka 24.

Na msilinganishe njia za watoto. Katika fainali ya wasichana wawili wawili ya Wimbledon mwaka 2022, Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi waliwashinda Wakanada wawili, Kayla Cross na huyu huyu Victoria Mboko, kwa 11-9 katika seti fupi ya kuamua. Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake jijini Nairobi, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la Grand Slam. Baadaye akachagua kwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, ambako mtu husoma na kucheza kila wiki bila kulipia hoteli, na mwaka 2024 akatwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Aliyeshindwa siku ile alibeba kombe la Montreal miaka mitatu baadaye, na sioni kosa katika njia ya yeyote kati yao.

Uwanjani, matarajio ya watu huonekana kwanza katika sevu ya pili, lile pigo la kuanzisha pointi linalorudiwa la kwanza likikosewa. Mwangalie anapokuwa nyuma 30-40, pointi moja tu kabla ya kupoteza gemu: anaudunda mpira mara tisa badala ya nne, anaurusha chini kuliko kawaida, kiwiko kinashuka, mpira unatua katikati ya kisanduku kama wa kuazima, na macho yake yanakimbilia pale mlipokaa. Usimpigie kelele za "tulia". Mpe kazi ya zile sekunde 25 zinazoruhusiwa kati ya pointi na pointi: akaguse taulo, apange nyuzi za raketi kwa vidole, aseme moyoni upande atakaoupiga, adunde mara nne, basi. Lifanyieni mazoezi jambo hilo kama mnavyofanyia bakihendi, pigo la mgongo wa mkono, saa ikiwa mkononi. Kwa kuwa wapinzani sasa wameziangalia video zake, tengeni pia nusu saa katika kila zoezi ambamo haruhusiwi kutumia pigo lililompa ushindi, ili ajenge la pili.

Maswali ya waandishi yafanyiwe mazoezi vile vile. Mwaka 2021 Osaka alitozwa faini ya dola 15,000 kwa kutokwenda mbele yao huko Roland Garros, kisha akajitoa akieleza habari za afya yake ya akili, naye wakati huo alikuwa ameshatwaa mataji manne makubwa. Mfundishe kijana kueleza anachokifanyia kazi wiki hiyo, na umruhusu kusema "sijui" na kunyamaza.

Maneno ya nyumbani huumiza kuliko ya magazeti. "Tunakutegemea wewe" ni sentensi ya upendo, lakini mtoto anayejua bei ya nyuzi na nauli huisikia kama deni. Siku ya kushindwa kwa mara ya kwanza, na itakuja mapema, safari ya kurudi nyumbani isiwe na uchambuzi wowote. Mnunulieni chakula, simu yake akae nayo mtu mwingine, na mazungumzo ya mechi yasubiri kesho yake, yaanze na swali dogo kama vile alirudi katikati ya uwanja baada ya kila pigo au la. Mboko alipita wiki kadhaa ngumu baada ya New York, na Novemba mwaka huo huo akatwaa taji la Hong Kong, mbali na kelele za Montreal.

Mwaka ukizunguka na ile wiki kubwa ikafika tena, fikeni mapema, mlale mahali tofauti na pa mwaka jana, na msitembelee ukuta wenye picha yake. Fungueni daftari jioni moja kabla ya mechi ya kwanza, mfute ule mstari mkubwa kwa raba yeye mwenyewe akiwa ameshika raba hiyo, na kesho yake aingie uwanjani saa ile ile ya mazoezi aliyoizoea.