Kripto ya kulipia na kripto ya kuweka, usizichanganye

Kabla hujanunua kripto yoyote, yaani sarafu za kidijitali, jiulize kwanza, hii hela naitaka ya kulipia au ya kuweka? Maana watu wengi wanaumia hapa hapa.

Kama ni ya kulipia, tumia sarafu zilizofungwa na dola kama USDC au USDT, bei yake haichezi sana. Ila usizilalie, TerraUSD nayo ilijiita imefungwa na dola na Mei 2022 ikaporomoka kabisa. Ukituma, hakikisha mtandao wa kripto (blockchain, mfano Tron au Ethereum) wa unayemtumia ni ule ule wako, tuma kidogo kwanza ya kujaribu, ikifika ndo utume iliyobaki, coz ukikosea adresi (ile namba ndefu ya pochi ya mpokeaji) hakuna wa kukurudishia.

Ya kuweka mimi nasema Bitcoin, haitazidi milioni 21 na kila miaka kama minne zawadi ya wachimbaji (wenye kompyuta zinazothibitisha miamala) inakatwa nusu, Aprili 2024 ilishuka hadi Bitcoin 3.125 kwa bloku, yaani kila fungu la miamala. Lakini jamani, Novemba 2021 bei ya Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000 na mwaka mmoja baadae ilikuwa chini ya 17,000, so weka ile tu ambayo hutaigusa miaka kadhaa, ada ya shule na kodi ya nyumba usithubutu.

Yale maneno 12 au 24 ya siri ya kurudishia pochi (app au kifaa unachotunzia kripto) yaandike kwenye karatasi, usipige picha, usimpe mtu hata akisema ni kastama kea. Nakuomba sana hapo.

Kuhusu kesho, naona malipo yataenda kwa sarafu za dola na Bitcoin itabaki akiba. Nchi ya El Salvador iliifanya Bitcoin pesa halali 2021, ila 2025 sheria ikabadilishwa, wafanyabiashara hawalazimiki tena kuipokea.