Unataka kununua nyumba ya kupangisha Lubumbashi? Soma hii mbele ya kutoa akonti (malipo ya kwanza)

Komisionere (mtu wa kutafutia watu nyumba) akikupigia aseme kuko paseli (kiwanja) Katuba ao Ruashi, bei ya chini, mwenyewe ana haraka, usitoe hata dola moja bado. Lomba fotokopi ya sertifika (karatasi ya Serikali yenye kuonyesha paseli ni ya nani), uende nayo weye mwenyewe kwa konservatere (mkubwa wa ofisi ya sertifika za udongo), wakufungulie dosie: jina ya nani iko mule, mipaka ni ile, banki iliandikisha ipoteke (nyumba kuwekwa rehani ya deni) ao hapana. Komisionere akikwambia "acha, mi nitakuendea", achana naye.

Kama sertifika iko kwa jina ya marehemu, pole pole zaidi. Hapa ndipo batu bengi banalia. Baba mdogo anakuja na funguo, anaongea vizuri, anasema yeye ndiye mkubwa wa familia, kumbe Kode ya familia inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya mali, na mjane naye yuko na haki yake. Bila sinyatire ya watoto, ile si bei nzuri, ni kesi unanunua.

Ukisha kulipa na kusaini kwa notere, kazi haijaisha. Fanya mitasio (kubadilisha jina ya mwenyewe) mpaka sertifika itoke kwa jina yako. Sheria ya udongo ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali, weye unapewa konsesio (haki ya kuutumia) tu (Mukongomani ya milele, mgeni miaka 25 inayoweza kurudilwa), na sertifika ikipitisha miaka 2 haivunjwe tena hivi hivi. Bengi banaacha hapa juu ya kuogopa franga za mitasio, halafu banashangaa banki ikikataa kukopesha. Banki inataka sertifika juu ipoteke inaandikwa pale pale, livre ya lojere (kitabu cha kukaa mu paseli, si sertifika) peke yake haitoshi.

Na mkopo wenyewe, ule wa miezi 12 usinunulie nyumba, loyer (franga ya kupanga) inaingia pole pole sana. Afadhali likelemba (kuchanga franga na wenzako, kila mtu anapokea kwa zamu) na kujenga anekse kidogo kidogo.

Sasa hesabu. Tuseme unapangisha dola 200 kwa mwezi, ni 2.400 kwa mwaka. IRL (kodi ya franga za kupangisha) kwa sheria ni 22%, kwa hiyo 528 si zako, na hawatoe kwanza franga ulizotumia kwa rangi wala kwa mabati. Lokateri (mpangaji) ndiye anakata 20%: unapokea 160, yeye analipa 40 kwa DRHKAT (ofisi ya kodi ya jimbo ya Haut-Katanga), ile 2% inayobaki unaimalizia weye wakati wa deklarasio. Kampuni na ONG zinakata kweli, lokateri wa kawaida mara nyingi hajui hata, basi muelezane siku ya kusaini, usingoje ajan wa kodi abishe mlango. Pitia DRHKAT uhakikishe kiwango cha mwaka huu. Kuko na kodi ya udongo pia, paseli tupu nayo inalipa.

Garanti (franga lokateri anaweka mbele ya kuingia) ya nyumba ya kulala, sheria ya 2015 inasema isipite miezi 3. Usiijengee paa, siku moja utairudisha.

Mbele ya kulipa, lomba pia risiti za mwisho za SNEL (umeme) na REGIDESO (maji), deni ya mwenyewe wa zamani inaweza kukuangukia, wakakatia weye moto. Na kila mwezi lokateri akupe kopi ya kile alicholipa kwa DRHKAT, uweke vizuri: bila ile karatasi unaweza kulipishwa ile 20% mara ya pili.