Kujaza Higg FEM Baada ya Alama Kubadilika: Mwongozo kwa Viwanda vya Nguo Mombasa

Mnunuzi wa ng'ambo akikuandikia kwamba alama yenu ya mazingira imeshuka, usianze kutafuta wa kulaumu. Angalia kwanza alama mbili anazolinganisha zimetoka matoleo gani. Higg FEM, dodoso ambalo wanunuzi wakubwa wa nguo huviomba viwanda vyao vijaze kila mwaka, lilipata toleo jipya, 4.0, Novemba 2023. Maswali yalipangwa upya na mgao wa alama ukabadilika. Kiwanda kinaweza kutumia stima ile ile, maji yale yale na boila ile ile, na bado kikatoka na alama pungufu. Alama ya toleo la awali, 3.0, na ya 4.0 haziwekwi kwenye mstari mmoja, na hilo mweleze meneja wako mapema kabla hajalisikia kwa mnunuzi.

Jambo jingine la kumweleza: hiki si cheti. Alama huanzia 0 hadi 100 na hakuna alama rasmi ya kufaulu, ingawa mnunuzi anaweza kuweka kiwango chake mwenyewe.

Akaunti

Dodoso hujazwa mtandaoni, kwenye jukwaa la Worldly. Kabla ya kufungua akaunti mpya, uliza ofisini kama aliyekutangulia aliwahi kufungua. Akaunti mbili za kiwanda kimoja huleta fujo, mnunuzi akaona ile tupu akadhani hamjajaza. Kama mna majengo mawili yenye anwani tofauti, moja Changamwe na jingine Jomvu, kila moja lina akaunti yake. Lipieni moduli, yaani dodoso la mwaka husika, kisha thibitisha kwamba data inayoulizwa ni ya mwaka uliokwisha, Januari hadi Desemba.

Vibali kwanza

Usiguse swali la stima kabla ya kukusanya vibali mezani: ripoti ya ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka iliyowasilishwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chini ya sheria ya mazingira ya EMCA ya 1999, leseni ya kumwaga majitaka kama inawahusu, kibali cha kisima kutoka WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, kama mnavuta maji ya ardhini, na leseni ya NEMA ya anayewabebea taka. Hii ya mwisho ndiyo hukosekana sana. Mwenye lori anakuja, anabeba, analipwa, hakuna anayemwomba karatasi. Omba nakala na uitazame tarehe ya kumalizika. Kibali kilichokwisha muda si kibali, hata kama maombi mapya yako njiani. Andika hali halisi na uambatishe risiti ya maombi.

Maswali ya mwanzo ndiyo yanayoamua

Mwanzoni dodoso huuliza kiwanda kinafanya nini hasa. Majibu hayo ndiyo yanayofungua au kufunga maswali ya mbele, na hapa watu hupoteza alama bila kujua. Kiwanda cha kukata na kushona tu, ambacho majitaka yake ni ya vyoo na jikoni, hakipaswi kujieleza kama kile kinachofua jinzi kwa kemikali. Ukiweka alama kwamba mna majitaka ya viwandani, utafunguliwa maswali ya vipimo vya maabara ambavyo hamna. Na ukificha sehemu ya kufulia iliyopo, mhakiki anayekuja kuthibitisha majibu yenu ataiona siku ya kwanza.

Vitabu vya mita

Sehemu ni saba: mfumo wa usimamizi wa mazingira, kawi na gesi joto, maji, majitaka, hewa chafu, taka, na kemikali. Kila moja ina ngazi tatu. Waliozoea 3.0 wanakumbuka hesabu ya alama 25 kwa ngazi ya kwanza, 25 kwa ya pili na 50 kwa ya tatu. Iacheni. Jibu maswali ya toleo lililo mbele yako.

Stima ni rahisi, kwa kuwa bili za Kenya Power zina uniti. Dizeli ya jenereta na kuni au mafuta ya boila hutoka kwenye ankara za stoo. Tahadhari moja: sehemu kubwa ya stima ya gridi yetu hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo, na wengi hushawishika kuiandika kama kawi jadidifu waliyoinunua. Msifanye hivyo. Stima ya gridi huandikwa kama ya gridi, na hesabu ya hewa ukaa hufanywa na mfumo. Sola iliyo juu ya paa lenu ndiyo ya kujivunia, mradi ina mita yake.

Kwenye maji, Mombasa ina shida yake. Maji ya kaunti yakikatika mnaita boza, na risiti ya boza mara nyingi imeandikwa "maji gari 1" na bei, basi. Mhakiki hawezi kugeuza "gari 1" kuwa mita za ujazo. Weka daftari langoni: tarehe, namba ya gari, ujazo wa tangi, sahihi ya dereva na ya soja. Boza la lita 10,000 likija mara 18 kwa mwezi ni mita za ujazo 180, na hiyo ni namba inayotetewa. Maji ya kisima yawekewe mita yake pia. Makisio yanakubaliwa mradi uyaite makisio na ueleze mlivyoyapata. Kuandika makisio kana kwamba yalipimwa ndiko kunakochafua faili zima.

Taka nazo zipimwe kwa kilo. Mabaki ya vitambaa yanayouzwa kwa wajazaji magodoro na mito huingia humu, kwa hiyo kila gunia lipite kwenye mizani kabla ya kutoka.

Kisha gawanya kwa uzalishaji. Mwaka wa kwanza uniti 1,200,000 kwa nguo 3,000,000 ni uniti 0.40 kwa nguo. Mwaka wa pili uniti 1,300,000 kwa nguo 3,500,000 ni takriban 0.37. Stima imeongezeka lakini kila nguo imetumia kidogo, na upungufu wa namna hii ndio ngazi za juu hutafuta. Chagua mwaka wa msingi, ule wa kulinganishia, wenye kumbukumbu kamili, si ule uliokupendeza.

Uhakiki

Ukimaliza kujijazia, chagua mhakiki aliyeidhinishwa kupitia jukwaa lenyewe. Aliyewasaidia kujaza hawezi kuwahakiki. Wekeni nafasi mapema, maana mwisho wa msimu wote hukimbilia watu wale wale. Mhakiki ana mamlaka ya kusahihisha majibu, na alama itakayobaki ni ile iliyohakikiwa. Ripoti ikitoka, soma kila sahihisho ndani ya muda uliowekwa. Usipokubali, pinga humo humo kwenye jukwaa na ushahidi ukiwa umeambatishwa; barua pepe ya malalamiko kwa mhakiki haihesabiki.

Kumpelekea mnunuzi

Kubali ombi lake la kuona matokeo, kisha mwandikie maelezo mafupi, kwa mfano:

"Matokeo haya ni ya toleo la 4.0, na yale ya awali yalikuwa ya 3.0. Tunaomba msiyalinganishe kwa alama ya jumla. Tumeambatisha matumizi ya kawi na maji kwa kila nguo kwa miaka hiyo miwili, kutoka kwenye mita zile zile."

Ambatisha ukurasa mmoja wa namba hizo. Faili zima la ankara libaki kwako, apewe akiliomba.