Kuchagua kapteri ya mwendo ya kuvaa: anza na batri, bei itafuata

Bandugu wa Goma wenye munapenda kutengeneza vitu vya elektroniki vya kuvaa, bangili ya kuhesabu hatua, taa za kushona kwa nguo ya kucheza, mbele ya kununua kapteri (kale kachombo kenye kupima) jiulize itakaa wapi kwa mwili na itatuma habari namna gani.

Ukisema tu "kapteri ya mwendo" wanaweza kukuletea HC-SR501, ile ya kofia nyeupe. Ile hapana, inachunguza joto la mtu mwenye kupita mbele yake, ni ya mlango. Wewe unatafuta akselerometa, inapima kusukumwa na mvutano wa dunia, na kama unataka kujua kuzunguka unaongeza jiroskopi.

Wengi wanaanzaka na MPU-6050, iko na akse 6 (3 za akselerometa, 3 za jiroskopi) na bei ni nzuri, lakini haina radio, utaifunga waya kwa karti ingine, tena jiroskopi ikiwaka inakula karibu miliampea 4 hata mtu amekaa tu. Kama ni kuhesabu hatua, jiroskopi ya nini? ADXL345, akselerometa peke yake, inatosha, haifikishe hata miliampea 0,2.

Radio njo inamalizaka batri. Chukua ka batri ka lipo (lithiamu polima) ka mAh 100: ESP32, karti yenye wifi, ikituma kwa wifi inaweza kuvuta miliampea kupita 200 kwa mara moja, lakini Bluetooth yenye kula umeme kidogo (BLE) kwa chipu ya nRF52840 inavuta miliampea chache tu wakati wa kutuma kisha inalala. Na vile kura (umeme) inakatikaka huku kwetu, mimi nachagua BLE bila kufikiri mara mbili. Karti XIAO nRF52840 Sense iko na vyote ndani, BLE, akse 6, na kucharge lipo, kwa karti ya milimita 21 kwa 17,5. Ni ghali kuliko MPU-6050, ni kweli, lakini ukijumlisha waya na karti zingine utaona tofauti inapunguka.

Alafu angalia gama, ni kusema mwisho wa nguvu yenye kapteri inaweza kupima, inahesabiwa kwa g (1 g ni mvutano wa dunia). Nilifunga moja kwa kifundo cha mguu cha mdogo wangu mwenye anachezaka, ikiwa kwa 2 g, na kila mguu ukipiga chini grafu ilikatika juu, bapa kama meza. Nikaweka 16 g, ncha zote zikatoka. Kwa mkono 4 ao 8 inaenda. Na uikaze sana, juu ikilegea itacheza ngoma yake yenyewe. Vipimo 50 kwa sekunde vinatosha kwa kutembea.

Zile za akse 9 ziko na dira ndani. Hapa kwetu tunajenga juu ya mawe ya Nyiragongo, ile lava ya 2002 na zingine za mbele, na mawe ya namna ile iko na madini ya chuma yenye inapotosha dira. Irekebishe pale pale utaitumia, ao uiache.

Ukishona, sindano isiguse lipo hata kidogo, ikitobolewa inaweza kuwaka moto kwa mwili wa mtu. Ishonee kamufuko kake ka kitambaa kizito, mbali na uzi.