Feni ya mkanda au ya umeme: kuchagua feni ya rejeta kwa Land Cruiser ya porini

Gari la porini huchemsha katika hali mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kutambaa: 4L (gia nzito za magurudumu manne), gia ya kwanza, mawe makubwa, injini iko sailensa, yaani mwendo wake wa chini bila kukanyaga mafuta, au juu yake kidogo, na hakuna upepo wa mwendo unaopita kwenye rejeta. Ya pili ni kuvuta: mchanga mzito au mlima mrefu, injini inazunguka 2,500 hadi 3,000 kwa dakika, gari lenyewe linakwenda kilomita 20 kwa saa, dizeli inaungua kwa wingi na joto jingi linaingia kwenye maji. Feni ya umeme huimudu zaidi hali ya kwanza, na feni ya mkanda huimudu zaidi ya pili. Jua kwanza gari lako linachemshia wapi, ndipo ufikirie kununua.

Mfano wetu ni Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita na isiyo na turbo, kwa kuwa ndizo zinazobeba watalii, wagonjwa na mizigo katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya maelezo haya inafaa pia kwa Patrol, Hilux na Defender.

Hakikisha kwanza kwamba kosa ni la feni

Wengi hubadilisha feni wakati ugonjwa uko kwingine. Anza na nafasi kati ya kondensa ya AC na rejeta. Mbegu za nyasi, vumbi na mabawa ya wadudu hujaa hapo, na kwa mbele huoni kitu. Legeza kondensa, isogeze bila kufungua mabomba ya gesi, kisha osha rejeta kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea magari ikikaribishwa sana hulaza mapezi yote, yaani vile vibati vyembamba vya rejeta, na mapezi yaliyolala hayapitishi hewa.

Kisha angalia kifuniko cha rejeta. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 92 tu. Kifuniko kizima cha bar 0.9 hupandisha kiwango hicho hadi karibu 114. Kwa hiyo mpira wa kifuniko ukichoka, maji yatachemka kabla hata feni ya umeme iliyopangwa kuwaka kwenye nyuzi 95 haijaamka, na feni italaumiwa bure. Baada ya hapo pima mvutano wa mikanda, thamostati (vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata joto) na wota pampu. Mapovu yakiendelea kutoka kwenye rejeta wakati injini ni baridi, chunguza gasketi ya silinda hedi. Hakuna feni inayotibu hiyo.

Feni ya mkanda na klachi yake

Feni ya 1HZ imefungwa kwenye puli ya wota pampu kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni. Mbele ya klachi kuna springi bapa ya metali mbili inayohisi joto la hewa iliyotoka kwenye rejeta. Hewa ikipata joto, springi hujipinda na kufungua vali ndogo, silikoni huingia kwenye mifereji ya ndani, na ukinzani wake huikokota feni iende karibu na mwendo wa puli. Hewa ikipoa, silikoni hurudi kwenye hifadhi na feni hulegea. Ubora wake ni kwamba kazi inavyoongezeka na injini inavyozunguka kasi, hewa nayo huongezeka papo hapo, bila waya, fyuzi wala swichi. Gharama yake ni nguvu ya injini. Mwendo wa feni ukiongezeka mara mbili, hewa huongezeka mara mbili, lakini nguvu inayotumika huongezeka mara nane. Ndiyo maana ikawekwa klachi.

Kupima klachi ni rahisi. Zima injini ikiwa ya moto, toa ufunguo, kisha izungushe feni kwa mkono. Klachi nzima hukupa ukinzani wa kunata, na feni husimama kabla ya kumaliza mzunguko mmoja. Ikizunguka mara tatu nne kwa uhuru, klachi imekufa. Shika ncha ya panga na uisukume mbele na nyuma: mchezo mdogo si kitu, lakini ikiyumba wazi, beringi imekwisha. Michirizi myeusi ya vumbi lililoshikana na mafuta kwenye uso wa klachi ni dalili kwamba silikoni inavuja. Dalili nyingine nzuri ni sauti: asubuhi, ukiwasha gari, feni nzima hunguruma kwa dakika moja mbili, kisha hutulia. Klachi isiyonguruma asubuhi na isiyonguruma mlimani haifanyi kazi.

Nyingi za klachi hizi hazihitaji kutupwa; zinahitaji kujazwa. Toyota huuza silikoni ya kazi hii katika mirija ya mililita 18, kwa unene tofauti, na ile ya 10,000 hushika kwa nguvu zaidi kuliko ya 3,000. Legeza nati nne za klachi kwa spana ya 12 kabla hujalegeza mikanda, kwa sababu mikanda ndiyo inayoishikilia puli isizunguke. Toa kava linaloizunguka feni, toa feni, tenganisha mapanga na klachi, kisha fungua skrubu za klachi polepole bila kuumiza ringi ya mpira. Iache ijichuje usiku kucha juu ya chombo safi na upime kilichotoka. Klachi iliyovuja itatoa kidogo tu. Mirija miwili ndiyo kipimo cha kuanzia. Usijaze pomoni, kwa sababu silikoni ikikosa pa kurudi, feni haitaachia kabisa. Wakati iko nje, iweke imesimama wima kama inavyokaa kwenye gari. Ikilazwa kifudifudi kwa siku kadhaa, mafuta hupenya kwenye sili.

Kwenye Defender za 200Tdi na 300Tdi klachi hushikwa na nati moja kubwa ya milimita 32 yenye uzi wa kushoto. Ukiifungua kama nati ya kawaida, unaikaza.

Tafadhali usikubali fundi afunge klachi kwa bolti ili feni “isilegee tena”. Ni jambo la kawaida mitaani, na kwa dharura ya kufika nyumbani linasaidia, mradi injini isipite 2,500. Kama suluhisho la kudumu linaua beringi ya wota pampu, linapasua mapanga kwenye shina, na kwenye maji linageuza feni kuwa msumeno.

Kava nalo lisidharauliwe. Feni bila kava huzungusha hewa ile ile ya moto ndani ya boneti. Panga likae nusu ndani ya mdomo wa kava na nusu nje, na nafasi ya pembeni iwe milimita 10 hadi 25 kuzunguka pande zote. Bodi ikiinuliwa bila kushusha kava, nafasi ya chini hupotea. Mpira wa injini ukichoka, panga huanza kukwaruza kava kila unapokanyaga mafuta.

Feni ya umeme: hesabu ya ampea

Sifa ya feni ya umeme ni kwamba inatoa hewa yake yote hata injini ikiwa sailensa. Tena haivuti nguvu ya injini barabarani ambako upepo wa mwendo unatosha. Lakini usiichague kwa namba ya CFM (futi za ujazo za hewa kwa dakika) iliyoandikwa kwenye boksi, kwa kuwa namba hiyo hupimwa feni ikiwa haina rejeta mbele yake. Angalia ampea. Mota ya volti 12 inayovuta ampea 10 ina nguvu ya wati 120, na hakuna umbo la panga litakalofanya wati 120 zifanye kazi ya wati 400. Kwa 1HZ iliyopakiwa, lenga feni mbili zenye jumla ya ampea 40 hadi 50, ndani ya kava linalofunika rejeta yote.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu alteneta ikiwa sailensa hutoa nusu au pungufu ya kiwango kilichoandikwa juu yake. Alteneta ya ampea 80 huenda ikakupa 35 hadi 40 injini ikizunguka 700. Toa taa za mbele ampea 10, feni ya AC 15, friji ya watalii 5, na kinachobaki hakilishi hata feni moja nzito. Pengo linajazwa na betri, volti zinashuka, na feni inapungua mwendo wakati ule ule uliyoinunulia. Kwa hiyo bei ya feni ya umeme si bei ya feni. Ni feni pamoja na alteneta ya ampea 120 au zaidi, waya nene na kava jipya. Gari likiwa la volti 24, nunua feni za volti 24. Usichomoe volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili, kwa sababu moja itachajiwa kupita kiasi na nyingine itakufa njaa.

Feni ikae nyuma ya rejeta ikivuta hewa. Ikiwekwa mbele ikisukuma, huziba sehemu ya upepo wa mwendo, na huko mbele inafaa kama msaidizi tu. Usiifunge kwa vile vijiti vya plastiki vinavyopenyezwa kati ya mapezi. Kwenye barabara ya makorongo mtikisiko utavisugulisha kwenye mirija hadi itoboke. Tengeneza fremu ya bati la alumini inayoshikwa kwenye tundu za bolti za rejeta, na weka vipande vya mpira vinavyofunguka kuruhusu upepo gari likiwa kwenye mwendo.

Kufunga waya

Kutoka chanya ya betri, weka fyuzi ndani ya sentimita 20 za kwanza: ampea 40 kwa feni ya ampea 25 hadi 30. Kutoka hapo waya wa milimita za mraba 6 uende pini 30 ya rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), na pini 87 iende kwenye feni. Waya wa hasi wa feni uwe na unene ule ule na urudi kwenye hasi ya betri; bati lenye rangi na kutu si njia ya ampea 30. Pini 86 ipate umeme wa swichi ya gari kupitia fyuzi ndogo ya ampea 5, na pini 85 ipitie swichi ya joto kwenda hasi. Kila feni iwe na rilei yake, ili moja ikifa nyingine ibaki.

Swichi ya joto ichaguliwe kwa kuangalia thamostati, ambayo namba yake imechapwa juu yake. Ya nyuzi 82 hufunguka kabisa karibu na 95, kwa hiyo feni iwake kwenye 95 na izime kwenye 88 hivi, kihisi kikiwa upande wa maji ya moto. Ukipanga izime chini ya 82, haitazima kamwe, maana thamostati yenyewe hairuhusu maji yapoe hivyo. Kihisi cha teminali moja hupata hasi kupitia uzi wake, basi ukikizungushia tepu nyeupe ya mabomba unakikatia umeme. AC nayo iwashe feni kila inapowaka, vinginevyo presha ya gesi hupanda gari likiwa limesimama.

Weka swichi ya nafasi tatu kwenye deshibodi: yenyewe, zima, washa. Ongeza taa ndogo inayopata umeme kutoka waya wa pini 87, ili ujue umeme umefika na si kwamba umeagizwa tu.

Ukimaliza, shika karatasi mbele ya grili. Inavutwa ndani? Vizuri. Ikisukumwa, nyaya za mota zimepishana. Mwisho pima volti kwenye teminali za mota yenyewe, injini na taa vikiwa vimewaka. Ikipungua zaidi ya volti 0.5 kulinganisha na betri, waya ni mwembamba au kuna kiungo kibovu.

Kwenye maji

Mapanga ya plastiki ya feni ya mkanda yakikutana na maji hujipinda kuelekea mbele na kuchana rejeta. Funga turubai mbele ya grili, ingia polepole na injini yenye mwendo wa chini usiobadilika, na usisimame katikati, kwa sababu wimbi la mbele ndilo linaloacha shimo nyuma yake. Kuondoa mkanda kunazima pia wota pampu, hivyo si njia ya kuvuka mto mpana. Kwa feni ya umeme, zungusha swichi kwenye “zima” kabla ya kugusa maji. Mota inayolazimishwa kuzunguka ndani ya maji huvuta ampea nyingi na kukata fyuzi. Baada ya kutoka, subiri maji yachuruzike kidogo ndipo uiwashe.

Uamuzi

1HZ inayobeba watu wanane na mizigo, Ziwa Natron leo na jangwa la Chalbi kesho, ibaki na feni ya mkanda yenye klachi nzima. Gari lisilo na AC ya kutosha likisimama linaweza kuongezewa feni ndogo ya umeme mbele ya kondensa, ampea 8 hadi 10, na hilo ni jambo la busara. Feni za umeme pekee zinafaa gari jepesi la petroli, gari linaloshindana kwenye mawe kwa sailensa, linalovuka maji mazito kila wiki, au lililobadilishwa injini hadi klachi ikakosa nafasi. Injini zilizolala kwa upana hazina uchaguzi, kwani puli zake haziitazami rejeta.

Safarini, mwenye feni ya mkanda abebe mikanda miwili, kwa kuwa 1HZ hutumia jozi na hubadilishwa pamoja. Mwenye feni ya umeme abebe rilei mbili, fyuzi nne na mita moja ya waya wa milimita za mraba 6. Rilei ikifa, chomoa na unganisha tundu la pini 30 na la 87 moja kwa moja. Feni itazunguka hadi utakapochomoa waya huo, na ukisahau ukilala kambini, asubuhi betri haitaamsha gari.