Kupiga pasi ya mkaa kama madobi wa zamani

Kazi hii niliifunza miaka ya 1980, kwenye kibanda cha dobi pale Ngamiani, Tanga. Mwezi wa kwanza mzee hakuniachia hata leso. Nilipepea mkaa tu.

Washa mkaa mgumu kwenye jiko, nje. Usitie mafuta ya taa, harufu yake haitoki nguoni. Ukishakuwa mwekundu bila moshi, ujaze kwenye pasi, funga kile kijogoo cha mbele, yaani komeo la kifuniko, kisha izungushe hewani mbali na nguo ili jivu litoke. Hapo ndipo wanagenzi tulipoharibikiwa. Mimi nilitoboa kanzu nyeupe ya Ijumaa kwa cheche moja, na nikakatwa mshahara hadi mfungo.

Sugua chini ya pasi kwa jani bichi la mgomba, iteleze. Dondoshea tone la maji: likichemka taratibu, bado, likiruka, iko tayari. Kwa tetroni, kitambaa cha polista, subiri pasi ipoe, maana kitambaa hicho hunyauka papo hapo.

Wanga ni uji mwepesi wa unga wa muhogo, uchujwe kwa kitambaa. Kanzu ipigwe ingali na unyevu: kola kwanza, kutoka kwenye ncha kuingia ndani, halafu mikono, kiwiliwili mwisho. Mlango uwe wazi muda wote, hewa ya mkaa inaua. Mzee alikuwa akikohoa kila jioni, nasi tukidhani ni tumbaku.